Dola 20 na senti 20 za kumbana seneta

Mwaka 2018, Seneti ya Marekani ilipokuwa ikijadili uteuzi wa Brett Kavanaugh kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, wanaharakati walianzisha mtandaoni mchango wa aina yake. Mtu aliingiza namba za kadi yake na kuahidi dola 20 na senti 20, kiasi kilichodokeza uchaguzi wa 2020. Seneta Susan Collins wa Maine akimkataa Kavanaugh, hakuna atakayekatwa hata senti. Akimkubali, fedha zote zitakwenda kwa mpinzani wake, ambaye wakati huo hata hakuwa amepatikana. Ahadi zikafikia mamilioni ya dola.

Collins aliuita mpango huo jaribio la kumhonga, na hoja yake si ya kupuuzwa. Mchango wa kawaida humfuata mgombea kwa msimamo alio nao tayari, ilhali huu uliitia bei kura moja inayojulikana. Hata hivyo, waliouanzisha nao wana la kujibu. Tajiri anayekula chakula cha jioni na seneta hana haja ya kutamka sharti lake, kwani linaeleweka bila kusemwa, na tangu hukumu ya Citizens United ya 2010, kampuni zinaruhusiwa kutumia fedha bila kikomo kwa matangazo ya uchaguzi, mradi zisishirikiane na mgombea. Wenye dola 20 walilisema lao hadharani. Kwa maoni yangu, uwazi huo unapunguza ubaya wa jambo lakini hauuondoi.

Faida ya michango midogo iko wazi zaidi pale isipofungwa na sharti. Bernie Sanders, aliyejivunia wastani wa dola 27 kwa mchango mmoja, alishindana na Hillary Clinton kuwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic miezi kadhaa mwaka 2016 bila kutegemea karamu za matajiri. Na mchangiaji mdogo, akiwa mbali na kikomo cha mchango kilichowekwa na sheria, anaweza kuombwa tena na tena.

Tatizo ni kwamba kinachomfanya afungue pochi mara nyingi ni hasira. Mwaka 2009 mbunge Joe Wilson alimkatiza Rais Obama bungeni kwa kumwita mwongo, na katika siku chache yeye na mpinzani wake kila mmoja akavuna zaidi ya dola milioni moja. Tena fedha hizo hutoka popote, lakini kura hutoka jimboni tu: mwaka 2020 Amy McGrath, aliyegombea useneti Kentucky, alikusanya takriban dola milioni 90, akashindwa na seneta Mitch McConnell kwa karibu pointi 20.

Collins alimkubali Kavanaugh, fedha zikaenda kwa mpinzani wake, Sara Gideon, na mwaka 2020 Collins akashinda kwa zaidi ya pointi 8. Nguvu ya ahadi ile ilikuwa kabla ya kura tu, na hata wakati huo ilimweka seneta mahali ambapo kumkataa Kavanaugh kungeonekana kama kununuliwa.