Kupima Tena Si Kazi ya Daraja la Pili

Nikisikia mtu akiuliza kwa nini wanafizikia wanarudia kupima kitu kilichokwisha kupimwa, huwa nawaza Novemba 1974.

Kwenye SPEAR, mtambo wa kugonganisha chembe huko California, kikundi cha Burton Richter kilikuwa kikigonganisha elektroni na positroni (pacha wake wenye chaji chanya), kikipandisha nishati kwa hatua za GeV 0.2 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe) na kuhesabu hadroni zinazotoka, yaani chembe zilizoundwa na kwaki, kama protoni. Walishapita 3.1 wakaendelea mbele. Lakini hesabu zilikataa kutulia: kwenye 3.2 hadroni zilizidi kwa takriban asilimia 30, na kwenye 3.1 vipimo vilipingana vyenyewe kwa vyenyewe. Wakarudi, safari hii kwa hatua ndogondogo, na hadroni zikafurika takriban mara 100. Ndiyo J/psi, chembe iliyoundwa na kwaki aina ya chamu na antikwaki yake, ambayo Samuel Ting naye aliiona kwenye maabara ya Brookhaven. Upana wa kilele chake kwenye mhimili wa nishati haufiki GeV 0.0001. Kuitafuta kwa hatua za 0.2 ni kuvua dagaa kwa jarife.

Na ile ziada ya kwenye 3.2? Elektroni ikitema fotoni (chembe ya mwanga) kabla ya kugongana, nishati yake hupungua, na baadhi ya migongano huangukia kwenye kilele cha J/psi. Kilele kinaburuta mkia upande wa juu, na anayepima jirani yake lazima autoe kwenye hesabu.

Kinachopimwa katika kazi hizi kinaitwa R: kiwango cha migongano inayozaa hadroni, kikigawanywa kwa kile cha inayozaa jozi za myuoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi). Chini ya kizingiti cha chamu, yaani nishati isiyotosha kuzaa chembe zenye chamu, kwaki tatu nyepesi, kila moja ikiwa na “rangi” tatu (aina ya chaji), zinatoa 2, na nguvu kali, inayoshikilia kwaki pamoja, inaongeza kidogo. Mwaka 2022 kikundi cha kigunduzi cha BESIII, Beijing, kilitoa R katika viwango 14 vya nishati, kuanzia GeV 2.23 hadi 3.67, kwa shaka isiyozidi asilimia 3 hivi. Asilimia hizo tatu nazivulia kofia, maana kila tukio lilichujwa, lisije likawa mionzi ya anga au elektroni iliyogonga mabaki ya gesi ndani ya bomba.

Kati ya 3.4 na 3.6, R yao imekaa juu kidogo ya nadharia, kwa tofauti ambayo bado inaweza kuwa bahati tu. Hesabu za nadharia za nguvu ya sumaku ya myuoni zinaitegemea R, kwa hiyo sioni sababu ya kuliacha jambo hapo. Kigunduzi cha KEDR cha Novosibirsk, Urusi, nacho kimeshapima eneo hilo. Ningependa kikundi cha tatu kirudi palepale kwenye 3.5, kwa kigunduzi kingine na mikono mingine.