Shahada ya biashara kwa wenyeji wa asili wa Kanada: itenganishwe au ichanganywe?

Mwaka 1876 Bunge la Kanada lilipitisha Indian Act, sheria ambayo hadi leo, baada ya marekebisho mengi, ndiyo inayoongoza mambo ya jamii nyingi za Mataifa ya Kwanza (First Nations), kundi mojawapo la wenyeji wa asili. Katika toleo lake la awali, mwenyeji aliyepata shahada ya chuo kikuu, au aliyekuwa wakili, daktari au kasisi, alivuliwa papo hapo hadhi yake ya kisheria ya uenyeji. Miaka michache baadaye sharti hilo lilifanywa la hiari, lakini zikafuata shule za bweni ambako watoto walitenganishwa na wazazi wao ili wasahau lugha na desturi zao, na ya mwisho kati ya shule hizo ilifungwa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo chuo kikuu kinapotangaza shahada ya usimamizi wa biashara iliyoandaliwa mahususi kwa wanafunzi wenyeji, kinazungumza na watu ambao babu zao waliiona elimu ikitumiwa kuwafuta. Wanaoiunga mkono shahada hiyo na wanaoipinga wote wanaikumbuka historia hii, ila kila upande unaifasiri kwa namna yake.

Programu hizi ni za aina mbili, na mjadala huvurugika kwa sababu aghalabu huchanganywa. Aina ya kwanza haigusi mtaala. Mwanafunzi mwenyeji husoma shahada ileile wanayosoma wenzake wote, lakini hupata ufadhili, mshauri na kundi la wenzake waliotoka katika jamii zinazofanana na yake. Chuo Kikuu cha Manitoba kimekuwa na mpango kama huo katika kitivo chake cha biashara tangu 1994. Aina ya pili hubadili masomo yenyewe. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Simon Fraser, katika jimbo la British Columbia, kilianzisha shahada ya uzamili inayohusu biashara na uongozi katika jamii za wenyeji. Mjini Regina kipo First Nations University of Canada, chuo kilichoanza mwaka 1976 na kinachosimamiwa na wenyeji wenyewe, ingawa shahada zake hutolewa na Chuo Kikuu cha Regina.

Aina ya kwanza haina wapinzani wengi, na nitaiacha hapo. Ni ya pili inayozua ubishi.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la soko la ajira. Mizania haina kabila, wanasema wapinzani, na hesabu za faida na hasara husomwa vilevile jijini Toronto na Nunavut, kaskazini ya mbali; mwajiri atakayeona jina la programu ya pekee kwenye cheti atashuku kwamba mhitimu alipunguziwa mzigo, hata kama alisoma vitabu vilevile na kufanya mitihani migumu zaidi. Hofu hiyo si ya kubezwa, kwa kuwa kutenganishwa ndiko kulikokuwa chombo kikuu cha serikali kwa zaidi ya karne moja, na mzazi anayekataa mwanawe apelekwe tena katika darasa la pekee ana sababu nzuri kuliko anavyodhani profesa anayemwona kuwa haelewi nia njema ya chuo.

Hata hivyo, pingamizi hilo linachukulia kwamba biashara ndani ya eneo lililotengewa wenyeji hufanyika chini ya sheria zilezile zinazotumika kwingine. Si hivyo. Hati ya ardhi ya eneo hilo iko mikononi mwa Dola, inayoishikilia kwa manufaa ya jamii, jambo ambalo msomaji wa Tanzania, ambako ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, ataling'amua haraka. Zaidi ya hapo, kwa mujibu wa kifungu cha 89 cha Indian Act, mali ya mwenyeji au ya jamii iliyomo ndani ya eneo hilo haiwezi kuwekwa rehani kwa mtu asiye mwenyeji, wala kukamatwa naye kwa ajili ya deni. Kifungu hicho huzuia ardhi isinyakuliwe na wadai, lakini hicho hicho humfanya mwenye duka au karakana asiwe na dhamana ya kumwonyesha meneja wa benki. Njia za kulizunguka tatizo zipo. Ardhi ambayo jamii imeridhia itumike hivyo inaweza kupangishwa, na haki ya upangaji ikawekwa rehani. Tangu 1999 jamii zinazojiunga na mpango maalumu zinaweza kujitoa katika vifungu vya ardhi vya Indian Act na kutunga kanuni zao. Sheria ya fedha ya mwaka 2005 nayo iliweka msingi wa First Nations Finance Authority, taasisi inayoziwezesha jamii nyingi kukopa kwa pamoja kwa kuuza hatifungani. Mhitimu wa shahada ya kawaida ya biashara anaweza kumaliza miaka minne bila kukutana na hata moja ya njia hizi, kisha akaajiriwa kuwa mkurugenzi wa fedha wa jamii inayozihitaji zote.

Gharama ya kutokuwa na mamlaka juu ya fedha zako ilionekana mwaka 2009, Mahakama ya Juu ya Kanada ilipoamua shauri la jamii za Ermineskin na Samson za Alberta. Walalamikaji walidai kwamba mrabaha wa mafuta na gesi yao, ulioshikwa na serikali kwa niaba yao, ulikuwa ukipata riba tu badala ya kuwekezwa kama ambavyo mdhamini mwangalifu angefanya. Walishindwa, kwa kuwa mahakama iliona sheria haikuiruhusu serikali kuwekeza fedha hizo. Shauri hilo linagusa wajibu wa mdhamini, thamani ya fedha kwa wakati na hatari ya uwekezaji kwa pamoja, na sijui mfano bora wa kufundishia somo la fedha popote pale.

Upande mwingine wa hesabu uko Nova Scotia, jimbo la pwani ya mashariki. Mnamo Januari 2021 muungano wa jamii za Mi'kmaq, wenyeji wa pwani hiyo, ukiongozwa na Membertou na Miawpukek, ulikamilisha ununuzi wa nusu ya Clearwater, mojawapo ya kampuni kubwa za mazao ya bahari nchini Kanada, katika mpango wenye thamani ya takriban dola bilioni 1 za Kanada. Muungano huo ulikopa dola milioni 250 kutoka First Nations Finance Authority. Membertou, ambayo Terry Paul amekuwa chifu wake tangu 1984, ilikuwa imejiandaa kwa miaka mingi, na ilikwisha kupata cheti cha ISO 9001, kigezo cha kimataifa cha ubora wa usimamizi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bila watu wanaoweza kusoma mkataba wa mkopo na kukadiria mapato ya miaka thelathini ijayo, fursa hiyo ingepita.

Lakini ni mfano huu huu unaowapa nguvu wapinzani wa aina nyingine, wasiojali ubora wa cheti, bali wanaouliza biashara yenyewe inawapeleka wapi wenyeji. Mwaka 1999, katika shauri la Donald Marshall, Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mkataba wa kale unawapa Mi'kmaq haki ya kuvua ili kujipatia riziki ya wastani. Wavuvi wa Sipekne'katik, mojawapo ya jamii za Mi'kmaq, walipoitumia haki hiyo mwaka 2020 walikabiliwa na ghasia, na ghala la kambakoche wa baharini lilichomwa moto. Wakosoaji wanauliza inakuwaje mwenyeji akaribishwe kununua hisa kwa mkopo wakati haki aliyokuwa nayo bila kulipa senti inapigwa vita, na wanahofu kwamba shahada ya biashara itawazoeza vijana kuiona bahari kama rasilimali ya kampuni peke yake. Swali hilo ni zito, na jibu la kwamba mtaala una kipindi cha wazee na sherehe ya ufunguzi halitoshi. Linapaswa kuwa sehemu ya mtihani: mwanafunzi aulizwe ni lini jamii inapaswa kukataa mradi wenye faida, na ajibu kwa hesabu na kwa sheria.

Ni kweli pia kwamba shahada hii si sharti la mafanikio, wala jina la wenyeji juu ya mlango wa chuo si kinga. Clarence Louie, chifu wa Osoyoos ambaye jamii yake ina kiwanda cha mvinyo cha Nk'Mip pamoja na biashara nyingine nyingi, alisomea masuala ya wenyeji, si biashara. Na mwaka 2010 First Nations University of Canada yenyewe ilisitishiwa fedha na serikali kuu na ya jimbo kwa sababu ya malalamiko juu ya uongozi wake, hadi mageuzi yalipofanyika. Chuo kinachofundisha utawala kilijikuta kikichunguzwa kwa utawala wake. Hilo liliwaumiza wanafunzi wasiokuwa na kosa, ingawa vyuo vingi visivyo vya wenyeji vimewahi kuvurunda fedha bila mtu kuulaumu ukoo wa wasimamizi wake.

Nikipima yote, naona hoja ya kuwa na mtaala wa pekee ina nguvu kuliko hoja ya kuwa na mlango wa pekee. Mhitimu asipunguziwe uhasibu hata kidogo, na masomo yake yatambuliwe na bodi ya wahasibu, la sivyo shaka ya mwajiri itakuwa ya haki. Lakini sheria ya ardhi, mikopo ya pamoja, mifuko ya udhamini na haki za mikataba si mambo ya kuwafundisha wenyeji tu. Afisa wa benki anayekataa ombi la mkopo kwa kutokukielewa kifungu cha 89 anahitaji somo hilo kuliko mwombaji, ambaye amekua nalo. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza historia ya shule za bweni, katika wito wake wa 92 wa mwaka 2015, ilizitaka kampuni ziwaelimishe mameneja na wafanyakazi wao juu ya historia na haki za wenyeji. Kitivo cha biashara kinachofikiria kuanzisha programu mpya kingeanza kwa kulifanya somo hilo kuwa la lazima kwa kila mwanafunzi wake, kisha kikae na jamii zinazohusika kuamua kama shahada ya peke yake bado inahitajika.