Joto la kujiwasha: namba ya labo isiyotaja hewa iliyopimiwa haitoshi

Kila pipa la kimiminika linalofika Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, huja na karatasi yake ya usalama, na humo kuna mstari wa joto la kujiwasha, yaani joto ambalo mvuke huwaka wenyewe bila cheche wala kiberiti. Namba hiyo hunakiliwa kwenye fomu za ghala na kwenye mipango ya zimamoto kana kwamba ni uzito wa atomu, kitu kisichobadilika popote. Sivyo ilivyo. Ni jibu la chupa ya ukubwa fulani, katika hewa ya mgandamizo fulani, kwa mpimaji aliyesubiri muda fulani. Labo ikileta namba bila hayo matatu, naona mteja ana haki ya kuirudisha.

Namba hii pia si lile joto ambalo mvuke hudaka moto ukisogezewa njiti. Esansi (petroli ya magari) hudaka moto wa njiti hata ikiwa na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mazutu (dizeli) huhitaji kupashwa hadi zaidi ya 50. Lakini kwenye kujiwasha mambo hugeuka: majedwali mengi huandika karibu 280 kwa esansi na karibu 210 kwa mazutu. Anayedhani mazutu ni salama kwa kila hali hajafikiria bomba linalovuja karibu na ekzosi ya jenereta iliyobeba mzigo mzito.

Kipimo kinachotumika sana, kiwango cha Kimarekani ASTM E659, hakitaki mtambo wa ajabu. Chupa ya kioo ya duara, mililita 500, huvishwa karatasi ya alumini kwa nje ili joto lienee sawasawa, kisha hutiwa ndani ya tanuri la umeme, mdomo ukiwa wazi juu. Themokopo (nyaya za kupimia joto) tatu hugusa chupa kwa nje: juu, ubavuni na chini. Ya nne huingia ndani hadi katikati ya hewa, na hiyo ndiyo inayosomwa. Juu ya mdomo huinamishwa kioo cha kujitazamia, ili mpimaji auone moto bila kuweka uso wake juu ya chupa. Taa huzimwa. Joto likishatulia, mikrolita 100 hupigwa kwa sindano hadi chini ya chupa, haraka, mkono unatolewa na saa inaanza kuhesabu. Unasubiri dakika 10. Pasipowaka unapandisha joto. Pakiwaka unashusha kidogo kidogo, hadi upate joto la chini kabisa ambalo bado linawasha. Halafu unarudia kwa ujazo mdogo na mkubwa zaidi, kwa kuwa kila kimiminika kina kiasi chake kinachokiwasha kwa urahisi. Kati ya jaribio na jaribio, hewa iliyochoka husukumwa nje kwa hewa kavu ya moto. Kikaushio cha nywele kinafaa kabisa.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba karibu kila uzembe katika kazi hii huipandisha namba, yaani huifanya kemikali ionekane salama kuliko ilivyo. Ukikaribia kiwango cha chini, moto huweza kuchelewa kwa dakika kadhaa. Aliyesubiri dakika moja ataandika "haikuwaka". Chupa ambayo haikupulizwa ina upungufu wa oksijeni. Taa ikiachwa inawaka, mwali mdogo hauonekani. Themokopo ya ndani ikigusa ukuta wa chupa husoma joto la kioo, si la hewa. Umeme ukiyumbayumba, kama tulivyozoea hapa, tanuri halitulii, na usomaji wa wakati huo haufai kuandikwa. Tanuri liunganishwe na kidhibiti cha umeme. Masizi nayo hubadilisha uso wa kioo, kwa hiyo chupa iliyochafuka itupwe, hata kama ni ghali.

Sasa mwinuko wetu. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni takriban kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Hewa ikipungua, joto la kujiwasha kwa kawaida hupanda. Tena mikrolita 100 zilezile, katika hewa pungufu, hutoa mchanganyiko wenye mvuke mwingi kwa kila sehemu ya oksijeni, ndiyo maana hapa kwetu kujaribu ujazo mmoja tu ni kosa kubwa kuliko pwani. Namba iliyopimwa hapa haifai kubandikwa kwenye pipa linaloshuka hadi Dar es Salaam au Durban bila kuandika pembeni: imepimwa kwa kilopaskali 88. Baromita, kipimo cha mgandamizo wa hewa, si kifaa cha gharama, na ukosefu wake kwenye ripoti nyingi hauna udhuru.

Ujazo wa chupa nao una neno. Kiwango kingine, cha kimataifa, ISO/IEC 80079-20-1, hutumia chupa ya mililita 200 na kusubiri dakika 5, kwa hiyo matokeo yake hayalingani moja kwa moja na ya E659. Chombo kikiwa kikubwa zaidi, joto la kujiwasha hushuka. Hilo wayafikirie wanaoendesha matangi ya petroli nyeupe (aina ya mafuta ya taa) iliyochanganywa na dawa ya kukamata shaba na kobalti: tangi lao si mililita 500. Sampuli nayo isichukuliwe kwenye pipa jipya peke yake. Ichukuliwe pia kwenye mzunguko wa mtambo, kwa sababu mchanganyiko uliofanya kazi miezi mingi si ule ulionunuliwa.

Na mabomba yaliyofungwa sufi ya kuzuia joto, pale mafuta yanapodondoka na kunywewa na sufi hiyo, usiyahukumu kwa kipimo hiki. Mafuta yaliyotapakaa kwenye nyuzi hujipasha taratibu kwa saa au siku, na huweza kuwaka chini sana ya namba ya chupa. Hapo kata kipande cha sufi iliyolowa, kiweke kwenye kikapu cha waya ndani ya oveni ya labo, uchomeke themokopo katikati yake na usubiri.