Usinitumie picha, nitumie faili

Juzi usiku nshafunga laptopu, nipo na chai yangu ya tangawizi, simu ikalia. Mdogo wangu mmoja anamalizia shahada yake, kanitumia WhatsApp grafu ya simulesheni, yaani mfumo wa umeme ulioigizwa kwenye kompyuta ukapigwa shoti ionekane utatulia au la. "Kaka hebu angalia, mfumo uko stebo au hauko?" Picha yenyewe kaipiga kwa simu mbele ya laptopu, taa ya sebuleni inang'ara katikati ya kioo, mistari mitano sita inapanda na kushuka kama ngarawa ya Nungwi wakati wa kusi, chini kaandika muda, upande wa kushoto hamna kitu. Hamna kabisa. Sijui ni digrii, sijui radiani, sijui pishi za karafuu.

Nikamuuliza, shoti umeipiga basbaa ya ngapi? (Basbaa ni pale laini na jenereta zinapoungana. Anatumia ule mfumo wa mfano wa New England, Marekani, basbaa 39 jenereta 10, sote tumepita huko.) "16 kaka, au 17, moja kati ya hizo." Umeikata baada ya muda gani? "Kama milisekunde 100 hivi, au 150."

Au! Yakhe, hiyo "au" ndo thesis yako nzima. Ukikata shoti kwa 100 jenereta linaweza kuyumba likatulia, ukichelewa hizo 50 za ziada likaondoka moja kwa moja lisirudi, kazi yote ya utafiti wa namna hii ni kujua mpaka uko wapi, halafu wewe unaniambia kama hivi au kama vile. Nikamwambia basi nitumie faili nitazame mwenyewe. Jibu lake: "Faili nilifuta kaka, lilikuwa kubwa. Kwani picha si inatosha?"

Haitoshi! Na si yeye peke yake, nimeshakaa vikao vya watu wazima wenye tai, ripoti nzito, ndani yake picha 60 za grafu zilizobandikwa kwenye Word mpaka maandishi yamefifia, ukiomba namba zenyewe kila mtu anamtazama mwenzake. Picha ni macho ya mtu mmoja siku moja. Yeye aliamua achore sekunde 3, basi na wewe utaona sekunde 3. Na sekunde 3 za nini? Mtikisiko wa jenereta za upande mmoja kuvutana na za upande wa pili unakwenda kwa Hz 0.1 mpaka 0.8 hivi, wimbi moja tu linaweza kuchukua sekunde 10. Ukiishia 3 unaona mstari unashuka vizuri unasema alhamdulillah umetulia, kumbe ndo kwanza unaanza. Ningekuwa na faili ningechora mpaka mwisho. Kwenye picha ntafanya nini, nivute kwa vidole?

Mie ami yangu yuko Wete, kila msimu wa karafuu ana daftari, kila mchumaji jina lake, tarehe, kachuma mkarafuu wa upande gani, pishi ngapi. Msimu mmoja alikuwa anaumwa akamwachia mwanawe aandike. Kijana kaandika majina na namba. 6, 9, 4, 11. Siku ya kulipa hakuna ajuaye 11 ile ni pishi au ni kilo, na kama ni mbichi au kavu, maana karafuu ikikauka uzito unaondoka. Kelele mpaka alasiri, na ami akaishia kulipa zaidi ili watu waondoke uwanjani. Sasa nenda kafungue mafaili ya simulesheni ya watu: kolamu imeandikwa "P3", ndani 0.8. 0.8 ya nini mwanangu? Kama ni pa yuniti, yaani sehemu ya kiwango fulani cha msingi, kwa msingi gani, MVA 100 za mfumo au ukubwa wa jenereta lenyewe? Jenereta la MVA 500 hapo tofauti ni mara 5, na namba haiandikwi usoni imetoka wapi.

Kwa hiyo ninachokiomba ni kidogo sana. Kila safari ukiendesha simulesheni, pamoja na namba weka na maneno: kesi gani, mzigo kiasi gani, shoti wapi, imewashwa saa ngapi imekatwa saa ngapi, laini gani imetolewa, hatua ya muda (pengo kati ya pointi na pointi) kiasi gani, programu toleo gani, modeli za jenereta na gavana (kinachorekebisha kasi ya jenereta) toleo gani, vipimo vya kila kolamu. Ndani ya faili hilo hilo, au kijifaili cha maandishi kikae pembeni yake kwa jina lile lile. Si kichwani. Kichwani mwako mwezi ujao utakuwa na harusi ya dada yako. Na si kwenye jina la faili pia, nimeona kwa macho yangu "matokeo_final_mpya2_hii_ndo.csv", na la kuchekesha ni kwamba siyo hiyo.

Na hii ya "lilikuwa kubwa", hebu tupige hesabu. Volteji 39, pembe zake 39, jenereta 10 kila moja vitu 6, jumla 138. Sekunde 20 kwa hatua ya milisekunde 10 ni pointi 2,000 na kidogo. Hiyo ni kama MB 2.2 ukihifadhi kwa mtindo wa namba za kompyuta. Video moja ya kibao kata ni kubwa zaidi. Safari 500 ndo zinafika GB 1 na kidogo, flashi za Darajani zinabeba bila kutoka jasho. CSV, faili la maandishi ya kawaida, itakula zaidi ya mara mbili yake, haya, lakini nakubali CSV inafunguka popote hata kwenye simu na miaka 20 ijayo itafunguka, kwa hiyo mwenye safari 5 atumie CSV nisimsumbue. Mwenye 500 aende Parquet au HDF5, aina za faili za kuhifadhia namba nyingi.

Ila kwenye HDF5 na mie nina aibu yangu. Niliwahi kupanga safari 500 zote ziandikwe faili moja, nikajiona mjanja, nikaenda kulala. Saa nane usiku umeme ukakatika mtaa mzima, na betri ya laptopu yangu ni pambo tu tangu zamani. Asubuhi faili halifunguki, lilikuwa wazi linaandikwa, na HDF5 ikikatwa katikati ya kuandika inaweza kuharibika yote, hata zile safari 400 na kitu zilizokwisha salama. Mtu anatafiti umeme kukatika, kazi yake inaliwa na umeme kukatika. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile kila safari faili lake, likimaliza linafungwa, ndo inaanza nyengine.

Mtu atasema huyu anakuza mambo. Mie Disemba 2009 nipo skuli, Unguja nzima giza mpaka Machi 2010, tunabeba ndoo za maji kwa sababu pampu zimelala, jenereta za madukani zinanguruma mpaka unasahau sauti ya adhana. Na mwaka 2008 tulishakaa karibu mwezi. Enzi hizo tulikuwa na kebo moja ya baharini tangu 1980, MW 45, na simulesheni ya kisiwa chenye kebo moja ikikatika ni rahisi sana: giza. Huhitaji programu ya Python. Lakini sasa tuna na ile ya MW 100 ya 2013, Pemba ina ya kwake kutoka Tanga tangu 2010, na kila kikao ni sola na betri, sola na betri. Hapo swali "kebo ikianguka tutabaki au hatubaki" limekuwa swali la kweli, jibu lake linategemea inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa sola na betri uwe wa gridi) zinafanya nini ndani ya milisekunde chache, na modeli za inveta zinabadilika kila toleo. Ndo mtu aniletee skrinishoti?

Mengine kwa haraka maana nshachoka. Chora kwa muda, usichore kwa namba ya mstari, programu nyingi hatua zake hazilingani na sekunde ya shoti itatanuka kama urojo. Pale shoti inapoingia kuna pointi mbili za muda ule ule, kabla na baada, usizifute ukidhani zimejirudia. Pembe za rota (sehemu ya jenereta inayozunguka) zichore kwa kulinganisha na jenereta moja au na wastani wa mfumo, la sivyo frikwensi ikihama kidogo tu mistari yote inapaa pamoja na mtu anapiga kelele mfumo umekufa. Na wewe unayekata mhimili wa frikwensi kutoka Hz 49.98 mpaka 50.00 ili mteremko uonekane kama Mlima wa Kilimanjaro, tunakuona.

Wakati naandika haya simu imelia tena. Ni yeye, karudia simulesheni yote tangu mwanzo, masikini, kaandika na digrii upande wa kushoto. Kanitumia picha.