Klipu zenu kwenye daladala

Jamani hivi hedifoni sokoni Mwanjelwa zimeisha au? Leo asubuhi nimepanda haisi pale Uyole, Julai hii baridi ya Mbeya mnaijua, madirisha yote yamefungwa, foleni ya ujenzi wa njia nne haisogei, halafu baba mtu mzima kabisa kafungulia simu sauti ya mwisho anaangalia vichekesho vya TikTok, kile kicheko cha kubandika kinajirudia weee mpaka nimekikariri. Nyuma yake dada anasikiliza voisi za kikoba, kwahiyo na mimi sasa najua nani hajarejesha mkopo 😅 Namwambia konda, eti "mkubwa si ushuke upande bajaji". Nauli nimelipa alafu nishuke mimi??