Mtoto Hasomi Taarifa ya Habari

Juzi barazani, kahawa bado inatoa moshi, jamaa yetu mmoja aliyesomea mambo ya filamu alitutangazia kwamba "Belfast" ya Kenneth Branagh ni vita vilivyopakwa asali. Eti imepigwa nyeusi na nyeupe ili ipendeze. Eti siasa haimo. Eti mtoto anacheka mno. Nilimeza kashata bila kutafuna.

Si yeye wa kwanza. Tangu itoke 2021 wako wahakiki walioiimba nyimbo hiyo hiyo, na hata Oscar ya mswada iliyoipata 2022 haikuwanyamazisha. Lakini jamani, Buddy, huyo mtoto wa filamu, ana miaka tisa! Ni Agosti 1969, mjini Belfast, Ireland Kaskazini, genge la Waprotestanti limeingia mtaani kuwavamia Wakatoliki majumbani mwao, na silaha yake yeye ni upanga wa mbao na kifuniko cha pipa la taka. Mlitaka awasomee katiba ya Ireland Kaskazini?

Tazameni pale duka linapovunjwa. Watu wanabeba mali, yeye katoka na sabuni ya unga (kwetu sisi zote ni Omo). Mamake anamkokota kurudi katikati ya fujo ili airudishe. Mamangu angefanya vivyo hivyo, na kofi juu.

Mimi Agosti 1997 nilikuwa na miaka tisa hiyo hiyo, Likoni, Mombasa, likizo ya shule. Usiku kituo cha polisi kikavamiwa, askari wakauawa, kisha wabara wakaanza kufukuzwa. Kwamba waliokufa walipita mia moja, hilo nimelijua ukubwani. Wakati ule nilichojua ni kwamba rafiki yangu, ambaye kwao ni bara, alipita kwetu alfajiri na wazazi wake, godoro kichwani, wanakimbilia feri. Akaniachia kopo lake la gololi nimtunzie.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Mama anafunga madirisha, baba hasemi na mtu, nami niko chini ya meza nazipanga kwa rangi. Zilikuwa arubaini na mbili. Nikiwasimulia hayo, nimewapaka asali?

Haya, nakubali, shingo upande: waliovamiwa ni Wakatoliki, kwao Buddy ni Waprotestanti, na filamu imewapa Wakatoliki maneno machache kuliko waliyostahiki. Na nyimbo za Van Morrison, mwanamuziki wa huko huko Belfast, zimezidi. Lakini hata mimi sina neno hata moja la rafiki yangu zaidi ya "nitunzie". Hayo ndiyo niliyoyasikia. Nikimtungia mengine leo ndipo nitakapokuwa nadanganya.

Jamaa akanyamaza, akajimiminia kahawa, kisha akauliza kama yule mtoto alirudi.

Hakurudi. Kopo liko kwa mama mpaka leo, limeshika kutu. Gololi ni arubaini na moja. Moja niliipoteza mwenyewe, nikicheza, wiki ile ile.