M'Baku bila ngozi ya gorila

M'Baku alizaliwa vibaya. Toleo la 62 la Avengers, kitabu cha katuni cha kampuni ya Marvel, Machi 1969, lililoandikwa na Roy Thomas na kuchorwa na John Buscema, linamleta kama mpiganaji hodari wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, anayemkaribia mfalme T'Challa kwa nguvu na kukitamani kiti chake. Mfalme akiwa Marekani, M'Baku anafufua ibada iliyopigwa marufuku. Anamuua gorila mweupe, anaoga damu yake na kula nyama yake ili nguvu za mnyama zimwingie. Kisha anajivika ngozi ile na kujiita Man-Ape, yaani Mtu-Nyani. Anataka mitambo yote ing'olewe na nchi irudi ilivyokuwa zamani. Mwishoni anataka kumponda mfalme kwa sanamu ya chui mweusi, na sanamu inamwangukia yeye.

Mwaka 1906, miaka 63 kabla ya toleo hilo, kijana wa Kikongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, na watu wakamiminika kumtazama. Marvel ni kampuni ya mji huohuo. Siamini kwamba Thomas na Buscema walikaa chini wakapanga kututukana. T'Challa mwenyewe, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, ni mfalme, mwanasayansi, mtu wa heshima zake, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini picha ya mtu mweusi ndani ya ngozi ya nyani ilikuwa na historia yake kabla wino wao haujakauka.

Kwa hiyo mwongozaji Ryan Coogler alipoandaa Black Panther, filamu ya T'Challa iliyotoka Februari 2018, swali lilikuwa zito kweli: mtu huyu aachwe kabatini, au aletwe? Aliletwa. Mmoja wa watayarishaji, Nate Moore, alieleza mapema kwamba jina la Man-Ape halitatumika, kwa sababu mtu mweusi kuvishwa unyani ni jambo lenye maana mbaya za kibaguzi. Akabaki M'Baku, kiongozi wa Wajabari, watu wa milimani waliojitenga na Wakanda nzima.

Wanaosema bora angeachwa wana hoja, na sitaki kuipitia juujuu. Wanasema jina limeondolewa lakini gorila amebaki. Yumo kwenye kinyago cha mbao anachovaa M'Baku anaposhuka maporomokoni kumpinga T'Challa. Yumo zaidi katika sauti. Lile tukio la ukumbi wa theluji kila aliyeona filamu analikumbuka: T'Challa ametupwa mtoni na adui na anadhaniwa amekufa; Ramonda mama yake, Shuri dada yake na Nakia mpenzi wake wamepanda mlima kuomba msaada, na Ross, Mmarekani wa CIA, shirika la ujasusi, anafungua mdomo. M'Baku anaguta kutoka kifuani. Watu wake wanampokea, sauti juu ya sauti, mpaka Ross anafunga mdomo. Mara ya kwanza nilicheka pamoja na ukumbi mzima. Mara ya pili nikamkumbuka mwanasoka Samuel Eto'o kule Zaragoza, Hispania, Februari 2006, akielekea kutoka uwanjani huku mashabiki wakimpigia kelele za nyani. Sauti zinakaribiana mno. Mtoto anayeona filamu hii Ulaya, akaisikia kesho yake shuleni ikielekezwa kwake, tutamwambia ilikuwa ya heshima?

Hata hivyo, kwangu tukio lile linasimama, na sababu ni nani ananyamazishwa. Baraza lina adabu yake. Mgeni haanzi kusema kabla mwenyeji hajampa nafasi, hasa pale ambapo mama wa mfalme, mwenye msiba, yuko mbele yake. Ross hakuijua adabu hiyo, au aliijua akaona haimhusu. Sauti ya Zaragoza ilitolewa na umati kumwondoa mtu mweusi mahali pake. Hii inatolewa na mwenye nyumba kumkumbusha mgeni kwamba yuko nyumbani kwa watu.

Kisha inakuja ile tisho: neno moja zaidi na Ross atakuwa chakula cha watoto wa M'Baku. Kimya. Halafu M'Baku anaangua kicheko na kusema wao hawali nyama. Watu wengi hulichukua kama kichekesho tu. Mimi naona hapo ndipo Coogler na mwandishi mwenzake, Joe Robert Cole, walipolijibu toleo la 62 ana kwa ana. M'Baku wa 1969 alimla gorila. Huyu wa 2018 anakula kama gorila, kwa maana yeyote aliyewafuata wanyama hao Bwindi au Virunga anajua kuwa siku yao hupita wakitafuna majani na mashina. Kasoro ni moja: aliyemwopoa T'Challa mtoni ni mvuvi wa Kijabari, na watu wasiokula nyama kuwa na wavuvi ni jambo lililohitaji maelezo. Hapo waandishi walijisahau.

Lakini mvuvi huyo ndiye jibu langu kwa wanaosema mhusika angeachwa. Katika kitabu M'Baku alikuwa na wafuasi wa kupiga kelele nyuma yake. Katika filamu ana watu: wana mlima wao, silaha zao za mbao, ukumbi wa magogo yanayoning'inia, mvuvi anayemwokota adui wa chifu wake na kumpeleka nyumbani badala ya kumwacha afe. T'Challa anapomshinda maporomokoni anamsihi akubali kushindwa kwa sababu watu wake wanamhitaji. M'Baku anakubali, na uhai aliopewa pale anaulipa baadaye kwa kumhifadhi mfalme kwenye theluji. Hata malalamiko yake yamepata uzito. Anasema kwamba mitambo ya nchi ameachiwa binti mdogo anayedharau mila. Unaweza kumpinga, nami nampinga, maana Shuri ana akili kuliko baraza zima. Ila hayo ni maneno ya mzee yeyote wa kijijini kwetu, na mzee huyo hatumvishi ngozi ya mnyama ili tusimsikilize.

Jina la watu hao linanigusa kwa namna nyingine. Jabari kwetu ni mwenye nguvu, asiyeogopa kitu, na Wamarekani weusi wamekuwa wakiwapa watoto wao wa kiume jina hilo. Kuwaweka Wajabari juu ya majabali kunalipendeza sikio la Mswahili, iwe walikusudia au la. M'Baku ndilo jina linaloniudhi, kwa ile alama iliyochomekwa kati ya herufi. Sisi tunaandika mbuzi, mbegu, mbingu, na hakuna anayekwama. Alama hiyo tunaiweka kwenye ng'ombe kwa sababu ina kazi. Kwenye M'Baku kazi yake ni kumwonyesha msomaji wa Marekani kwamba hapa ni Afrika.

Ugonjwa huo filamu haikupona kabisa. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa, lafudhi ya M'Baku imetoka kwa Waigbo, jina la watu wake ni la Kiswahili, na mungu anayemtaja maporomokoni ni Hanuman, mungu wa Wahindu, neno ambalo wakaguzi wa India walilizima sauti filamu ilipofika kwao. Winston Duke, mzaliwa wa Tobago anayemwigiza M'Baku, anayabeba yote hayo kwa mwili na sauti mpaka unasahau kuuliza. Lakini tuulize: bara zima limekosa mungu wa kuwapa watu wa mlimani?

Na lipo linaloniuma kuliko Hanuman. Wajabari wanakataa kwanza kutoa jeshi, halafu wanashuka na kuokoa vita. Baada ya ushindi T'Challa anakwenda Oakland kufungua kituo cha kuwasaidia weusi wa Marekani. Jambo jema sana, ila filamu haituonyeshi akipanda tena mlimani. Wakanda Forever ya 2022, iliyotengenezwa baada ya Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, kufariki, ililipa sehemu ya deni: M'Baku yumo barazani, na ndiye anayemwonya Shuri kwamba akimuua Namor, mfalme adui ambaye watu wake wanamwona mungu, vita haitakwisha. Mwishoni watu wamekusanyika maporomokoni kumsubiri Shuri. Ndege inatua, anatoka M'Baku peke yake, anasema Shuri hatakuja, na anatangaza kwamba anakitaka kiti.

Ni kiti kilekile alichokitaka mwaka 1969. Safari hii hakuna sanamu inayomwangukia.